Mama Mnara: miaka 10 ya kukodisha kiwanja cha mnara wa simu, na nilipokosea

Ukipanda daladala ya Igombe, huku kwetu Mwanza kando ya Ziwa Victoria, ukamwambia konda "nishushe Mnarani" atakushusha mlangoni kwangu. Simaanishi jirani na kwangu, ni mlangoni kabisa. Mnara wenyewe uko hatua kama 30 nyuma ya jiko, juu ya lile jiwe ambalo marehemu baba alikua anaanikia dagaa, na tangu usimame jina langu la kuzaliwa limebaki kwenye kitambulisho cha NIDA tu. Mwaloni, pale mitumbwi ya wavuvi inaposhusha samaki, naitwa Mama Mnara, kwenye vikoba Mama Mnara, hata watoto wa jirani wakitumwa chumvi wanaambiwa nenda kwa Mama Mnara.

Naandika haya sababu mwezi uliopita dada mmoja wa kule Kayenze alinitafuta, nae wamemfuata wanataka kiwanja, akanionesha mkataba aliopewa. Nikausoma nikacheka kwa uchungu, ni uleule wangu wa 2013, wamebadilisha jina na tarehe. Tukakaa mpaka jua likazama ziwani namuelezea. Sasa nimeona niandike kabisa, maana minara bado inapandwa na sio wote watanifuata nyumbani.

Kabla ya 2013 huku kwetu mtandao ulikua wa kutafuta kwa miguu. Kwenye jiwe letu kulikua na sehemu moja, ukisimama hapo ukaelekea ziwani simu inashika, ukigeuka tu imekata. Jioni kulikua na foleni, watu wanasubiri zamu wapigie ndugu zao Ukerewe. Kwaiyo kijana wa kampuni ya minara alipokuja na bodaboda, ameshika kidude cha GPS, anaruka jiwe hadi jiwe anaandika namba kwenye daftari, mimi sikuuliza maswali. Akaniuliza hapa mwenyewe nani, nikasema sisi. Akasema mama nyie mna bahati. Neno bahati ndo lilinipofusha, nakwambia.

Kikwazo cha kwanza kilikua karatasi. Kiwanja kilikua cha baba, baba alifariki 2009, na sisi hatukua tumefungua mirathi, tulikua tunaishi tu kama watu wengi wanavyoishi. Tulichokua nacho ni karatasi ya mauziano yenye muhuri wa serikali ya mtaa, imeliwa na mende pembeni. Kampuni ikasema bila msimamizi wa mirathi hamna dili. Ikabidi tuite kikao cha ukoo, wajomba wakatoka Misungwi na Magu, tukaandika muhtasari, tukaenda mahakama ya mwanzo, tangazo likabandikwa, tukarudi, tukaambiwa muhtasari una kasoro, majina mawili hayajasainiwa, tukaanza tena. Miezi mitano. Ukijumlisha nauli, fotokopi, chakula cha kikao na posho za wazee niliteketeza kama laki 4 na 80, na hela yenyewe nilikopa kikoba. Ukiwa na kiwanja cha marehemu fungua mirathi leo, mnara uje usije. Usisubiri mtu aje na dili mkononi ndo uanze kukimbizana na ukoo, maana wajomba wakishajua kuna hela hata kusaini muhtasari kunakua na bei.

Mkataba nilisaini juu ya boneti ya gari. Nakumbuka upepo ulikua mkali, karatasi zinapeperuka, yule afisa akaokota kijiwe akakiweka juu ya kurasa, akawa anafunua pembeni tu pale penye mstari wa saini, hapa mama, na hapa, na hapa. Kurasa 14 za kiingereza. Mimi nimeishia darasa la saba. Nilimuuliza kitu kimoja tu, ni shilingi ngapi kwa mwezi, akasema laki mbili na nusu, inalipwa ya mwaka mzima kwa mpigo. Nikapiga hesabu kichwani milioni 3, nikasaini hata sehemu ambayo hajanionesha. Nakala yangu ilikuja baada ya miezi miwili, nilipoifuata mwenyewe mjini, na tena ilikua fotokopi.

Nije nieleze nilichosaini, maana nilikuja kukijua kwa vipande, kila kipande kwa maumivu yake.

Kipande cha kwanza, kodi inaanza siku ujenzi unapoanza, wala sio siku ya kusaini. Baada ya saini wakapotea. Kumbe kuna vibali, kibali cha ujenzi halmashauri, mambo ya mazingira NEMC, na watu wa anga, TCAA, maana sisi tuko upande wa uwanja wa ndege na kitu kirefu hakisimami bila wao kuridhia. Miezi saba. Mda wote huo eneo limewekwa vigingi, siruhusiwi kulima wala kuanika, na senti sijaona. Fomu ya majirani ya mambo ya mazingira nayo niliizungusha mimi, nyumba kwa nyumba, kama vile mnara ni wangu. Kuna mzee alinigomea wiki nzima anasema mtatuletea kansa.

Hilo la mionzi niliguse kidogo maana kila mtu huniuliza. Tulipoenda kwa mtendaji tukaelekezwa kwamba wanaopima mionzi ya minara ni Tume ya Nguvu za Atomiki, TAEC, na kwamba mkiwa na wasiwasi mnaandika barua kupitia ofisi ya kata. Injinia wao yeye alinieleza kwamba zile antena zinarusha mawimbi kwa pembeni kwenda mbali, hazimwagi chini kama bomba la bafuni. Mimi sio mtaalam. Ila kichekesho kilikuja baadae, maana laini yangu ilikua ya kampuni ambayo haikuwepo kwenye ule mnara, basi Mama Mnara mwenyewe nikawa bado napanda jiweni kutafuta mtandao huku mnara umenisimamia kichwani. Watu walicheka sana.

Ujenzi ulivyoanza 2014 ni wiki tatu za kompresa kutoboa mwamba, kuanzia saa 12 asubuhi. Mkataba hausemi saa. Alafu vyuma vikaja, vijana wanapandisha kwa kamba na puli, wanapanda bila hata kushika vizuri, mi nafumba macho. Mita 45 walisema. Ukapakwa nyekundu na nyeupe, kileleni taa nyekundu. Usiku wa kwanza taa ilipowaka watoto walilala nje kuiangalia, na mimi, sitadanganya, nilijisikia mtu.

Afu ikaja hela, milioni 2 na laki 7. Nikapaniki. Laki 3 iko wapi? Nikapanda gari hadi ofisini kwao mjini, nikapiga kelele mapokezi mpaka mlinzi akaitwa. Dada wa uhasibu akanichukua taratibu akanionesha, ni kodi ya zuio, asilimia 10 ya pango, wanakata wao wanapeleka TRA. Haikua wizi. Aibu niliyoipata siku ile, lakini yule dada akanifundisha kitu ambacho nakushika mkono nakwambia na wewe, kila wakikata wadai cheti cha kodi ya zuio, kitunze kwenye faili. Mimi ya miaka miwili ya kwanza sina, na nilipokuja kufuatilia mambo yangu ya TRA ilinisumbua.

Sasa kaka yangu. Hapa nitaandika haraka maana bado panauma. Sisi tuko watatu, mimi, mdogo wangu wa kiume ambae yuko machimboni Geita, na mdogo wetu wa mwisho. Msimamizi wa mirathi nilikua mimi, hela ikawa inaingia akaunti yangu. Nilikua nagawa, kweli nilikua nagawa, ila nagawa kwa mdomo, leo laki 5, kesho nimelipa ada ya mtoto wake nahesabu humo humo, hamna daftari hamna chochote. 2016 akanipigia usiku amelewa, akasema dada umekula mnara wa baba. Hatukuongea miaka miwili. Harusi ya binti yangu hakuja. Na ukweli ni kwamba kwa hesabu alikua ananidai, sio nyingi ila alikua ananidai, niliona nilipokaa na taarifa ya benki nikaanza kuchambua mwezi kwa mwezi. Nilimpelekea hela yake Geita mwenyewe kwa mkono, tukalia pale stendi kama watoto. Sasa hivi tuna karatasi kwa mtendaji, theluthi kwa theluthi, hela ikiingia siku hiyohiyo inatoka na kila mtu anasaini.

Turudi kwenye mkataba. Mwaka wa kwanza juu kulikua na antena za kampuni moja. 2016 wakaja mafundi wakafunga nyingine. 2018 nyingine tena na sahani mbili nyeupe kubwa kama ngoma. Mimi nipo chini nafua nahesabu, nikasema leo nimeokoka, wapangaji wameongezeka kodi inaongezeka. Nikapiga simu. Wakaniambia mama soma kifungu fulani. Kifungu kinasema mwenye mnara anaruhusiwa kupangisha nafasi kwa wengine bila kunilipa mimi nyongeza yoyote. Nilikua nimesaini, kijiwe kikiwa juu yake. Na kifungu kingine, wao wakitaka kuondoka wanatoa notisi ya miezi 3 wanaondoka, mimi nikitaka watoke siwezi mpaka miaka 10 iishe. Na kodi ileile laki mbili na nusu tangu 2014 mpaka mwisho, wakati mfuko wa simenti, sukari, nauli, kila kitu kimepanda.

Katikati hapo mnara wenyewe ukauzwa. Ilikuja barua ya kiingereza kwamba haki zote zimehamia kampuni nyingine, nikadhani matapeli, nikaificha kabatini. Kodi ya mwaka ule ikachelewa miezi minne kwa sababu walikua wananisubiri nijaze fomu mpya ya benki iliyokua ndani ya ile bahasha. Kwaiyo usipuuze bahasha, tafuta mtu akusomee. Ila na matapeli wapo kweli, jirani yangu alifuatwa na mtu anamwambia atoe laki na nusu ya fomu ili nae awekewe mnara, akatoa, mpaka leo. Mtu anaetaka kukupangisha hakudai hela wewe, yeye ndo anakuletea.

Jenereta sitaki hata kuongelea. Miaka mitatu ya mwanzo ililia usiku na mchana, moshi kwenye nguo, mpaka walipovuta TANESCO. Afu wezi wa dizeli wakaja, wa kwanza kuhojiwa na polisi nani, mimi.

Lakini kilichonifanya niuone mnara kwa jicho lingine ni taa.

Ilikua 2019, msimu wa mvua. Taa ya kileleni ikazima. Mimi sikuijali, nilisema watawasha wenyewe, hela yao taa yao. Wiki ikapita, ya pili. Siku moja nimeshuka mwaloni kununua dagaa, mzee mmoja mvuvi, tunamuita Babu, akaniita pembeni. Hakunisalimia vizuri. Akasema, "Mama Mnara, taa yako umeizima kwa nini?"

Nikamwambia Babu taa sio yangu, ya kampuni. Akaniangalia kama mtu anaemuangalia mtoto muongo. Akachukua kijiti akachora mchangani. Hapa jiwe lenu, hapa mnara, hapa mawe yaliyojificha chini ya maji upande wa kushoto wa kuingilia. Akasema usiku wa giza, na dagaa wanavuliwa giza, mwezi ukiwa mkubwa hawaendi, usiku wa giza jiwe linaonekana kama kivuli tu, lakini taa inaonekana mbali sana. Unakuja na mtumbwi ukiiweka taa iwe juu ya ncha ya kile kivuli, ikae hapohapo kama kofia kichwani. Ikikaa, nyoosha. Ikihama kidogo upande mmoja ujue mkondo umekusukuma, unaingia kwenye mawe. Akasema zamani walikua wanatumia mti mkubwa wa mkuyu na moto wa mtu wa zamu, mnara ulipokuja wakaacha. "Tulikuzoea wewe," akasema. Yaani mimi.

Kumbe wiki iliyotangulia mtumbwi wa vijana wanne uliingia kwenye yale mawe saa kumi usiku na upepo. Ulipasuka mbao za mbele, walipoteza nyavu na taa za sola, walitoka wanne wote, mmoja alivunjika mkono. Mama zao walikua wamesimama ufukweni mpaka asubuhi, na sisi wa ziwa hili hatusimami ufukweni kwa utulivu, tuna Mei 21, 1996, tuna meli ya MV Bukoba iliyozama vichwani mwetu. Na mimi usiku ule nilikua nimelala hatua 30 kutoka kwenye mnara, na sikujua nimpigie nani.

Namba ilikuwepo. Ndo kinachoniuma. Kwenye geti la uzio kuna bango dogo la bati, miaka mitano nalipita nikienda kuokota kuni, lina namba ya kituo, yaani ya mnara wenyewe, na namba ya simu ya dharura ya masaa 24. Limeandikwa kiingereza na limepauka na jua, mlinzi ndo alinionesha. Nikapiga. Wakaniuliza namba ya kituo, nikawasomea, wakasema kwao inaonesha taa inawaka. Nikasema njooni muone. Siku ya nne fundi akaja akapanda, kumbe waya umekatika kileleni na mtambo wao wa kuangalia ulikua haujajua. Basi. Kazi ya nusu saa, baada ya wiki tatu za giza.

Kama kwako kuna mnara, hata kama kiwanja sio chako, nenda kapige picha lile bango leo. Na ukipiga simu hakikisha wanakupa namba ya tukio, uandike, kesho yake upige tena kwa namba hiyo, bila hivo kila siku unaanza upya na mtu mpya.

2023 mkataba ulipokaribia kuisha nilikua mtu mwingine. Nilitafuta wakili mjini, alinitoza laki 3, nikaona nyingi kisha nikakumbuka miaka 10. Nilidai rasimu ije kwa kiswahili, wakagoma, wakili wangu akaniandikia tafsiri kurasa kwa kurasa. Tukavutana miezi miwili. Nilichopata: kodi inapanda kila baada ya miaka mitatu, kila kampuni itakayofungwa juu kuanzia sasa ina nyongeza yangu, wakiondoka wanang'oa mpaka zege na kusawazisha, na kazi za kelele hazianzi kabla ya saa 2. Nilichokosa: notisi bado ni yao, na zile kampuni zilizokuwepo tayari hazihesabiwi. Walijua mimi sina pa kuuhamishia mnara, na mimi nilijua kuuhamisha kwao ni gharama, kwaiyo kila mtu alikua ameshika kona yake ya kanga.

Kwenye taa ndo tulikwama. Nilitaka iandikwe ikizima iwake ndani ya siku 3. Mwanasheria wao, kijana mstaarabu tu, akasema mama taa ile ni ya usalama wa ndege, ina taratibu zake, hatuwezi kuiandika kwenye mkataba kwa ajili ya wavuvi. Nikamwambia baba, ndege haijawahi kuniuliza kwa nini nimezima taa. Alicheka lakini hakuandika. Alikubali kitu kimoja, barua ya pembeni yenye namba ya mtu wa kanda. Nikaipeleka kwenye kibanda cha BMU, kile kikundi cha wavuvi kinachosimamia mwalo, pale mwaloni, vijana wakaiandika ukutani kwa rangi, namba ya simu na namba ya kituo, kubwa, hata asiejua kusoma vizuri anainakili.

Mwaka huu ilizima tena. Jumanne usiku. Asubuhi nimeamka nataka kupiga nikaambiwa Mama Mnara tulia, tumeshapiga tangu saa tisa usiku, watu sita tofauti. Alhamisi fundi huyo. Alishuka jioni jasho linamtoka, akaniomba maji ya kunywa, nikampa na kiti. Akaniuliza, hivi mama hii taa inawasaidia nini nyie mpaka mnatupigia usiku wa manane, mbona ndege zinatua kule.

Nikamwambia mwanangu, kaa kidogo giza liingie.